Mkuu wa Kazi Akae na Kila Mtu Wake

Katika maofisi na viwanda vingi nchini, mfanyakazi hukaa peke yake mbele ya mkuu wake wa kazi mara tatu tu. Mara ya kwanza ni siku anapoajiriwa. Mara ya pili ni siku anapokosa. Mara ya tatu ni siku anapokwenda kuaga. Katikati ya siku hizo hupita miaka mitano, kumi au hata ishirini ya kuamkiana kwenye ngazi, kupokea maagizo, na kukaa kimya nyuma ya ukumbi katika mikutano ya wote. Ndiyo maana mfanyakazi akiambiwa kwamba mkubwa anamwita, moyo humwenda mbio, na wenzake hutazamana wakijiuliza amefanya kosa gani.

Hali hii imezoeleka mno kiasi kwamba wengi hawaioni kuwa ni kasoro. Lakini ni kasoro, tena kubwa. Mahali pa kazi ambapo kuitwa na mkuu maana yake ni kukaripiwa, ni mahali ambapo mkuu huyo hajui kazi yake inavyokwenda. Anajua yale tu ambayo watu wameona ni salama kumwambia.

Lazima ieleweke wazi kwamba habari za kazi huanzia chini. Anayejua kwamba mashine imeanza kutoa mlio usio wa kawaida ni yule anayeiendesha kila siku. Anayejua kwamba hesabu ya mali ghalani haiafikiani na vitabu ni karani wa ghala. Anayejua kwamba wananchi wanarudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu ya muhuri mmoja tu ni mhudumu wa mapokezi. Meneja huyajua mambo haya mwisho, na mara nyingi ni baada ya mashine kusimama, mali kupotea, na wananchi kukata tamaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huonwa kwanza na anayelala chumbani, wala si na mwenye nyumba anayeishi mbali.

Wapo watakaosema kwamba kwa ajili hiyo ndiyo maana ikawekwa mikutano ya wafanyakazi. Mkutano wa wote una kazi yake, na hakuna anayetaka uondolewe. Humo hutangazwa mipango, hujadiliwa mishahara na marupurupu, na wafanyakazi husikia kwa pamoja neno moja. Hata hivyo yapo mambo ambayo mkutano hauwezi kuyabeba. Fundi kijana hawezi kusimama mbele ya watu arobaini akaeleza kwamba msimamizi wake, ambaye ni mtu mzima aliyemfundisha kazi, anakosea vipimo. Mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kutangaza ukumbini sababu za kuchelewa kwake. Mwenye wazo jipya ambalo bado halijakomaa atalificha, kwa kuogopa kuchekwa. Matokeo yake ni kwamba mkutanini husikika sauti za wasemaji hodari, na ukumbi mzima hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kazini na lake moyoni.

Historia ya kazi nchini Tanzania inathibitisha kwamba suala la mkuu na mfanyakazi si dogo. Wakati wa ukoloni, katika mashamba ya mkonge na katika ujenzi wa barabara, uhusiano huo ulikuwa wa nyapara na kibarua. Nyapara hakuhitaji kusikiliza. Alihitaji kuhesabu vichwa na kupiga kelele. Baada ya Uhuru zilichukuliwa hatua za kuubadili uhusiano huo. Sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa kazini iliunda kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira tu. Mwaka 1970 Waraka wa Rais uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulikemea wazi wazi majivuno, dharau na unyanyasaji wa viongozi kwa wale wanaowaongoza.

Yaliyofuata baada ya hapo yana fundisho. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilikumbwa na migomo, na katika baadhi ya viwanda hivyo wafanyakazi waliwazuia mameneja wao kuingia. Malalamiko yao hayakuwa ya mishahara peke yake. Wengi walilalamikia matusi, dharau na ubabe. Machungu ya namna hiyo hayazaliwi kwa siku moja. Hujengeka kidogo kidogo, mtu mmoja mmoja, neno moja moja, kwa miaka mingi ambayo hakuna mkuu aliyepata kuketi na mfanyakazi mmoja na kumwuliza: kazi inakwendaje, na kinachokusumbua ni nini?

Hapana budi pia kuyatazama yaliyotokea katika utumishi wa umma. Kwa miaka mingi mtumishi alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika maoni juu yake, akayafunga na kuyapeleka juu, na mtumishi mwenyewe hakujua kilichoandikwa. Mtu aliweza kukosa cheo kwa miaka asijue kosa lake, na asipewe nafasi ya kujirekebisha. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, ambao wengi waliujua kwa jina la OPRAS. Chini ya mfumo huo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kuyapitia pamoja katikati ya mwaka, na kutathmini mwishoni. Katika miaka ya 2020 mfumo huo umepisha mwingine wa kielektroniki uitwao PEPMIS.

Nia ya mabadiliko hayo ni njema. Lakini karatasi haizungumzi, wala kompyuta haisikilizi. Pale ambapo msimamizi hana desturi ya kukaa na watu wake, fomu ya wazi hujazwa kama ile ya siri ilivyojazwa: haraka haraka, siku ya mwisho, kila mmoja mezani kwake. Malengo hunakiliwa ya mwaka uliopita, sahihi huwekwa, na kila mtu huambiwa amefanya vizuri. Mfumo wa tathmini hauwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo. Wenyewe umejengwa juu ya dhana kwamba mazungumzo hayo yanafanyika.

Mataifa mengine nayo yamejifunza somo hili kwa njia zao. Nchini Marekani, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, ulianzishwa mwaka 1928 mpango wa kuwahoji wafanyakazi mmoja mmoja, na kwa muda wa miaka michache zaidi ya watu 20,000 walihojiwa. Mwanzoni wahoji walikwenda na orodha ya maswali yao. Wakagundua kwamba wafanyakazi waliyajibu kwa ufupi, kisha wakazungumza mambo mengine kabisa yaliyowagusa. Basi orodha ikawekwa kando, na mfanyakazi akaachiwa achague la kuzungumza. Mazungumzo yakawa marefu zaidi, na yaliyosikika yakawa ya maana zaidi. Kasoro ya mpango ule ilikuwa kwamba wasikilizaji hawakuwa wakuu wa kazi wa wale waliowahoji. Walisikia mengi, lakini uwezo wa kuyatengeneza ulikuwa kwa wengine.

Mwaka 1983 Andrew Grove, mmoja wa viongozi wa kampuni ya Intel ya Marekani, aliandika kitabu juu ya uendeshaji wa kazi, na humo akaeleza kwa kirefu mkutano wa mkuu na mtu mmoja aliye chini yake. Shabaha ya maelezo yake ilikuwa hii: mkutano huo ni mali ya yule wa chini. Yeye ndiye aandae mambo ya kuzungumza, na mkuu aje kujifunza na kuelekeza. Kampuni ya Intel inatafuta faida, na haiendeshwi kwa huruma. Ikiwa hata watu wa namna hiyo waliona saa moja ya kumsikiliza mfanyakazi hulipa, hakuna meneja anayeweza kudai kwamba jambo hili ni la kupoteza wakati.

Na hapa ndipo penye kisingizio kinachosikika zaidi: kwamba wakuu wana shughuli nyingi. Kisingizio hiki na kipimwe kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, yaani 90 kwa wiki mbili. Mkuu wa idara mwenye watu wanane chini yake, akimpa kila mmoja nusu saa katika kila wiki mbili, atakuwa ametumia saa nne. Saa nne katika 90 hazifiki hata tano katika kila mia. Wapo wakuu wanaopoteza zaidi ya hapo kungojea mkutano uliochelewa kuanza, au kutuma maagizo usiku katika kundi la WhatsApp na kuyarekebisha asubuhi kwa sababu hayakueleweka. Na mkuu mwenye watu arobaini, ambaye kweli hawezi kukaa na kila mmoja, ajue kwamba tatizo lake ni mpangilio wa kazi. Awape wasaidizi wake jukumu hilo kwa watu wachache wachache, naye akae na wasaidizi hao.

Kisingizio cha pili ni cha wale wanaosema kwamba mlango wao uko wazi, na mwenye shida aingie. Maneno haya ni mazuri kuyasikia, ila yanamwachia mfanyakazi mzigo wote. Ni yeye apime kama shida yake inatosha, ni yeye akabiliane na katibu muhtasi mlangoni, na ni yeye aonwe na wenzake akiingia. Wanaoupita mlango wa namna hiyo kwa wepesi ni wenye kujipendekeza na wapeleka maneno. Mfanyakazi mwaminifu mwenye haya hubaki mezani kwake. Mlango wazi si kosa, lakini hauwezi kuwa badala ya siku na saa iliyowekwa kwa kila mtu.

Basi mazungumzo hayo yafanywe namna gani? Kwanza, yawe na ratiba inayojulikana na wote, na pasiwepo anayerukwa. Jambo linalofanyika kwa kila mtu halina aibu wala halizui minong'ono. Siku ikifika mkuu asiahirishe ovyo. Mkuu anayefuta zamu ya dereva kwa sababu amepata mgeni, kisha akasahau kumpangia siku nyingine, amemweleza dereva huyo thamani yake bila kutamka neno.

Pili, mfanyakazi aanze. Mkuu akianza kwa orodha ya maagizo yake, muda utakwisha kabla mwenzake hajafungua kinywa. Maagizo yana njia nyingine nyingi. Maswali ya mkuu yawe mafupi na yenye kutaka maelezo: Ni kazi gani imekuwa nzito tangu tulipoonana? Ni nani unamngoja ili uendelee? Ni jambo gani unaona linakwenda vibaya na bado hatujalisema? Akiisha kuuliza, anyamaze. Ukimya wa mfanyakazi si lazima uwe ukaidi wala kukosa la kusema. Mara nyingi anapima kama ni salama kusema. Mkuu asiyeweza kuvumilia ukimya huo atajijibu mwenyewe, na hatajifunza kitu.

Tatu, heshima ya umri na cheo itumiwe kwa busara. Watanzania wamelelewa kutombishia mkubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini neno "ndiyo mzee" linaweza kuwa na maana tatu: nimekubali, nimesikia, au naomba niondoke. Mkuu mwenye hekima hataridhika nalo, bali atamwomba mwenzake aeleze kwa maneno yake walichokubaliana. Kadhalika, meneja kijana anayeongoza watu wenye umri wa wazazi wake asione kwamba kuamkia kunampunguzia cheo. Amwamkie mzee ipasavyo, amwombe ushauri katika yale ambayo mzee huyo ameyaona kwa miaka thelathini, na bado aseme wazi pale kazi inapokuwa haikufikia kiwango. Heshima na ukweli vinaweza kukaa katika chumba kimoja.

Nne, na hili ndilo kubwa, lililoahidiwa litendwe. Ahadi ni deni. Mkuu awe na daftari, na katika kila mazungumzo aandike mambo mawili au matatu: nani atafanya nini, na lini. Mazungumzo yanayofuata yaanze kwa kusoma ukurasa huo. Kama karani aliomba kabati lenye kufuli na mkuu akaahidi kulishughulikia, karani aambiwe limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba fedha hazikupatikana. Mfanyakazi huweza kuvumilia kunyimwa akielezwa sababu. Asichovumilia ni kusikilizwa kwa upole mara tano bila lolote kubadilika. Akifikia hapo hatasema tena, na mkuu atadhani mambo yametengemaa.

Pamoja na hayo, ni lazima itajwe mipaka ya mazungumzo haya, maana kitu chema kikitumiwa vibaya huwa silaha. Yasigeuzwe kuwa mahakama. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinampa mfanyakazi anayetuhumiwa haki ya kujulishwa tuhuma zake, kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mkuu anayemwita mtu kwa mazungumzo ya kawaida, kisha akamsomea mashtaka, amevunja utaratibu na ameua imani ya idara nzima kwa siku moja. Lakini kanuni hizo hizo zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji hafifu, achunguze sababu, amwelekeze na ampe nafasi ya kujirekebisha. Mkuu mwenye desturi ya kukaa na watu wake atakuwa amefanya hayo mapema, na mara nyingi hatafika kwenye kuachisha.

Yasigeuzwe vilevile kuwa soko la umbea. Mkuu anayemwuliza mmoja habari za mwenziwe anajenga ofisi ya wachongezi. Mfanyakazi akimtaja mwenzake, aulizwe kazi inaathirika vipi na kama wamekwisha kuzungumza wenyewe. Siri ya mtu aliyoitoa juu ya ugonjwa au matatizo ya nyumbani ibaki chumbani. Ikiwa ni jambo ambalo mkuu hawezi kulinyamazia, mathalan wizi au hatari kwa maisha ya watu, aseme hivyo mapema ili mfanyakazi ajue.

Na yasiwe kichaka cha kuwanyanyasa wanawake. Mfanyakazi wa kike ana haki ya kuzungumza na mkuu wake bila hofu. Mahali pawe pa kazi na saa iwe ya kazi. Pawe mahali ambapo watu wanaweza kuona ingawa hawasikii. Mazungumzo ya kazi hayafanyiki hotelini usiku wala ndani ya gari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na mkuu yeyote anayetumia faragha ya ofisi kwa shabaha hiyo anastahili kushitakiwa.

Wafanyakazi nao wana wajibu wao. Mtu aliyepewa nusu saa ya mkuu wake asiende mikono mitupu. Afikiri kabla, aandike mambo yake, aanze na lile zito, na asiishie kulalamika bali apendekeze. Aseme pia makosa yake mwenyewe kabla hayajafichuliwa na wengine, kwani mficha maradhi kifo humfichua. Na akiambiwa kasoro yake kwa ukweli na kwa staha, asikimbilie kusema kwamba anaonewa. Anayetaka kusikilizwa akubali na kuambiwa.

Mabadiliko haya hayahitaji fedha za kigeni, mtaalamu kutoka ng'ambo, wala semina ya wiki nzima. Yanahitaji viti viwili, daftari moja, na mkuu aliye tayari kusikia asilolipenda. Ni wajibu wa wakurugenzi na makatibu wakuu kuanza wao, kwa kuwa mkuu wa idara asiyesikilizwa na aliye juu yake hatajua namna ya kumsikiliza aliye chini yake. Wakishaanza, wawaulize wasaidizi wao swali moja katika kila kikao: wiki hii umekaa na nani, na umejifunza nini ambacho hukukijua? Mkuu wa idara atakayekosa jibu mara mbili mfululizo atakuwa amejitathmini mwenyewe.